Kibanja cha Shangazi Kokushubila

Ijumaa, 3 Agosti 1973. Buhembe.

Habari kubwa! Dereva wa lori la kahawa ameleta ujumbe kutoka Izigo. Shangazi Kokushubila ameumia mguu, hatembei bila fimbo. Anataka ukoo ufike Jumapili ya tarehe kumi na tisa, baada ya misa. Atatamka wosia wake mbele ya watu.

Wosia! Nilishtuka, skrubu za saa ya mteja zikaanguka mchangani. Hazijaonekana. Si neno. Mwenye kibanja hahitaji skrubu.

Niandike mambo yalivyo ili akili itulie. Shangazi ni dada wa marehemu baba. Hana mtoto. Alishona nguo Kampala miaka mingi, akarudi mwaka wa Uhuru, akanunua kibanja Izigo. Migomba kama msitu. Mikahawa inainama kwa uzito. Nyumba ya bati. Na mimi je, Ildefons, fundi saa? Meza moja kwenye baraza la duka la watu, mjini Bukoba. Vyumba viwili vya kupanga hapa Buhembe. Shamba la babu lilikwenda kwa baba yake Mujuni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa. Baba yangu, mdogo wake, aliambulia kipande ambacho mbuzi akigeuka, mkia unaingia kwa jirani.

Kwa hiyo watoto wa kaka zake Shangazi tumebaki wawili: mimi na Mujuni huyo, mtoto wa baba mkubwa, mwalimu wa Kaagya. Yeye ana lake tayari. Haki iko wapi kama si kwangu?

Mke wangu Anatolia aliniuliza mara ya mwisho nilimwona Shangazi lini. Nikamwambia hilo si swali la mtu anayeitakia familia mema. Akajijibu mwenyewe: wakati wa ubatizo wa binti yetu. Binti sasa yuko darasa la pili.

Jumamosi, 4 Agosti.

Nimekwenda kuuliza sheria. Karugendo, karani wa mahakama ya mwanzo, nilimkuta nyumbani kwake akinyoa ndevu. Mtu mwema, ila huongea kama anayesoma hukumu. Sharti afike mwisho.

Alisema ardhi ziko namna mbili. Iliyonunuliwa kwa jasho, mwenyewe humwachia amtakaye, hata mgeni. Ya ukoo haitoki nje ya ukoo, wosia uwepo usiwepo. Nikauliza: hata Klaudia anaweza kuachiwa? Huyu Klaudia ni mjane anayeishi kwa Shangazi na binti zake wawili. Si ndugu. Si chochote. Anampikia tu, anamlimia, anamwogesha na kumsomea barua. Karugendo akajibu kwamba kama kibanja kilinunuliwa, hata Klaudia.

Nywele zilinisimama! Na kama ni cha ukoo? Hakitoki, akasema, na ndani ya ukoo chenyewe—

Yatosha! Nilikuwa nimeshafika barabarani. Nyuma yangu alikuwa bado anapiga kelele, povu kidevuni.

Jumatatu, 6 Agosti. Izigo.

Nimefika. Nimemletea Shangazi saa ya mezani yenye kengele. Ni ya mteja aliyehamia Mwanza, hakuirudia. Inameta. Kasoro yake moja tu: kengele hulia inapotaka yenyewe.

Na nani nimemkuta barazani? Mujuni! Shule zimefungwa. Amekuja na beberu mnono, mwenye ndevu, na amemfunga karibu na mlango ili kila anayeingia amwone. Mujuni akanikumbatia, akasema amefurahi sana kuniona. Mnafiki mkubwa.

Shangazi amekaa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, umevimba. Aliteleza kwenye ukingo wa choo cha zamani kilichotitia wakati wa masika. Nikapiga magoti kumsalimu kama wanawake wanavyofanya. Akanitazama kwa muda, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

"Waitu, Shangazi, ni mimi Ildefons!"

Akacheka mpaka akakohoa. Alinijua tangu nilipokuwa getini. Mguu mgonjwa, kichwa kizima kabisa. Hilo ni tatizo.

Alhamisi, 9 Agosti.

Siku mbaya. Alasiri majirani hukusanyika kwenye baraza la Shangazi kusikiliza darasa la redio, lile la Mtu ni Afya. Redio inasema, Klaudia anawasomea kitabu, halafu wanajadiliana juu ya minyoo na vyoo. Balozi wa nyumba kumi ametangaza kwamba mwezi huu hauishi kabla kila nyumba haijachimba choo kipya. Shangazi akamwuliza atachimbiwa na nani. Balozi akatazama chini. Mimi nikatazama juu.

Hapo hapo saa yangu ikalia. Nikaibonyeza. Ikazidi. Nikaikalia, ikalia chini yangu. Mujuni akaifunga kwenye blanketi akakimbia nayo kuelekea migombani. Beberu akashtuka, akakata kamba, darasa zima likamfuata. Kurudi, Shangazi akauliza kile kidude kimeletwa na nani. Nikasema ni zawadi yetu sote wawili, mimi na Mujuni. Mujuni hakukanusha. Ndivyo alivyo, anapenda kuonekana mwema.

Jioni nilimkuta Klaudia jikoni akimenya ndizi. Nikamwuliza, kwa upole wa mwenye shamba, atakwenda wapi siku Mungu atakapomwita Shangazi. Kisu hakikusimama.

"Sijui, kaka," akasema. "Mume wangu alipofariki kule Kamachumu, mdogo wake ndiye aliyekuwa musika, mrithi wake. Alikuja kabla hatujaanua matanga. Akapita shambani anashika mkungu mmoja mmoja. Akaniambia nirudi kwetu. Nilipofika kwetu kaka yangu akasema mimi nilishaolewa, kwetu ni kule. Shangazi yako alinikuta stendi, nimekaa juu ya godoro na watoto."

Nikasema ndizi za huku zina afya.

Chakula kilipoiva akanipa kipande kikubwa cha samaki kuliko cha Mujuni. Sikulala vizuri. Nadhani ni samaki.

Jumamosi, 11 Agosti.

Nimelipata! Ukoo! Kibanja kikiwa cha ukoo, hakitoki kwenda kwa Klaudia. Karugendo amesema. Na ni kitu gani kinachoonyesha kwamba ardhi ni ya ukoo? Kaburi la babu. Kila Mhaya anajua hilo.

Kwa bahati nzuri ukoo wetu una babu asiye na kaburi. Babu mkuu Rwegasira alikwenda kutafuta chumvi, akapotea njiani, na hakuna ajuaye alipolala. Basi alilala Izigo.

Alfajiri, nyumba ikiwa kimya, nilibeba mawe kutoka kijitoni mpaka mwisho wa migomba. Nikayapanga kwa urefu wa mtu. Nikayapaka tope na samadi yaonekane ya kale. Kila pembe nikapanda mlamula, ule mmea wa kuwekea mipaka na makaburi. Nilipomaliza nilisimama nikavua kofia. Lilikuwa kaburi zuri kuliko la baba.

Mgongo umekufa. Aliyeniona ni beberu wa Mujuni peke yake.

Jumapili, 12 Agosti.

Ushindi! Ta Buberwa, mkubwa wa ukoo, alipitia hapa kumjulia hali Shangazi. Nikamwomba tutembee kidogo tutazame migomba. Nikampeleka huku na huku, kisha, kama kwa bahati, kule mwisho. Nikauliza kwa mshangao mawe yale ni ya nini.

Ta Buberwa akasimama. Fimbo ikamtoka mkononi. Akasema kwa sauti ndogo: Rwegasira. Sikuwa nimetaja jina! Akaniambia kwamba marehemu baba yake alikuwa akimtajia Izigo, na kijito, na homa. Machozi yakamtoka. Mimi pia nikalia. Alivyoeleza, ungedhani alikuwepo.

Kufikia jioni alikuwa anakumbuka majina ya waliobeba maiti.

Jumatatu, 13 Agosti.

Maafa!

Ta Buberwa amekusanya ndugu barazani. Ametamka kwamba ardhi yenye mifupa ya Rwegasira ni ya ukoo, hata kama ilipitia mikononi mwa watu wengine. Shangazi ni mtunzaji tu. Nilitikisa kichwa kwa kukubali mpaka shingo ikauma. Klaudia alisimama mlangoni na sinia la kahawa. Hakuingia, hakutoka.

Kisha Ta Buberwa akaendelea. Ardhi ya ukoo, akasema, kama kawaida, inakwenda nyumba kubwa.

Nyumba kubwa! Baba yake Mujuni! Nimemtengenezea Mujuni shamba! Kwa mikono yangu! Kwa mgongo wangu!

Na bado. Ta Buberwa akasema aliyeliona kaburi ndiye atakayegharimia siku ya kulisafisha: rubisi, pombe ya ndizi, ya kutosha ukoo mzima, na ng'ombe. Wote wakanigeukia na kunipongeza. Mujuni alikuwa analia kwa ajili ya babu. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, ametulia tuli. Aliuliza jambo moja tu, kama nimemaliza kahawa yangu.

Hilo neno ndilo Karugendo alilokuwa analipigia kelele. Angeweza kulisema mapema.

Jumanne, 14 Agosti.

Naandika kwa shida. Vidole havikunjiki.

Asubuhi nilimwambia Ta Buberwa kwamba huenda lile si kaburi. Akauliza kama namwita mwongo. Nikasema la, huenda ni mawe tu. Akasema mawe hayajipangi. Kweli hayajipangi. Nikasema basi tuchimbe, ukweli uonekane. Ndugu wote wakarudi nyuma. Nani atatia jembe kwenye kaburi la babu? Nikalichukua mimi.

Nikachimba. Kufikia magotini, hakuna kitu. Kufikia kiunoni, hakuna kitu. Nikamwita Ta Buberwa atazame. Akasema watu wa zamani walizikwa chini sana. Nikachimba. Jua likapanda. Majirani wakaja, wengine wakakaa kwenye majani. Mujuni alikuwa amesimama ukingoni akinisihi nimwache babu alale. Aliponiona nayumba akavua shati, akarukia ndani, akachukua sepetu. Ndivyo tulivyokuwa, warithi wawili shimoni, tunachimba bega kwa bega.

Shimo lilipotufika mabegani nikaona ncha ya fimbo juu yangu. Shangazi. Klaudia amemshika mkono.

"Upande huo unatosha," akasema. "Sasa panueni kuelekea mgomba ule. Na kuta ziwe wima."

Ta Buberwa akauliza kuta za nini.

"Za choo. Balozi atakuja kukagua, na mimi na mguu huu nilikuwa nawaza nitampata nani. Jumamosi alfajiri maumivu yameniamsha, nachungulia dirishani, namwona Ildefons anapita na jiwe. Anarudi, anapita na jingine. Nikasema, Mungu hajanisahau. Mawe hayo msiyatupe, tutajengea msingi."

Jirani Mwamvita, ambaye yeye na marehemu mumewe ndio waliomwuzia Shangazi kibanja, akasema kwamba hapo palikuwa jalala lake. Kwa miaka yote waliyoishi pale. Maganda na majivu.

Ta Buberwa, aliyekuwa amelia juu ya jalala, akavaa kofia. Akasema alitilia shaka tangu mwanzo.

Walicheka! Nilisikia kicheko hata kutoka barabarani. Nikainama nikajifanya natafuta jembe. Mujuni peke yake hakucheka. Aliniambia tumalizie tu, ndugu yangu, tumebakiza kidogo. Sijawahi kumchukia hivyo.

Watu walipotawanyika Shangazi alibaki ukingoni. Akainama kidogo.

"Ildefons. Ungeniomba mahali pa kupanda, ningekujibu. Kwa nini hukuniomba?"

Nikamwambia sikutaka kumsumbua mgonjwa.

"Chimba, mwanangu," akasema, akaondoka.

Jumatano, 15 Agosti.

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Wote wamekwenda kanisani. Mimi nimebaki, mikono imejaa malengelenge. Kabla ya kuondoka Klaudia alinipaka samli viganjani, akavifunga vitambaa. Hakutaja kaburi. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia samli inanuka.

Nimekaa peke yangu na beberu. Nimefikiri sana. Kosa langu halikuwa la nia, lilikuwa la sheria. Sikuwa na sheria ya kutosha. Lori linakwenda mjini Ijumaa.

Ijumaa, 17 Agosti. Bukoba, na kurudi.

Nimemwona Karugendo mlangoni mwa mahakama, amebeba mafaili. Safari hii nilimwambia aseme yote. Akafurahi. Akaanza mbali.

Alisema mtu akifa bila wosia, ukoo hukaa na mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi hagawi anavyotaka, naye hutoa hesabu. Akasema wosia wa mdomo upo na wa maandishi upo. Akasema mjane naye ana haki zake, ingawa wengi wanajifanya hawazijui. Nilitazama barabarani. Lori lilikuwa linapakia mabati.

Hatimaye akafika kwa mashahidi. Wosia usio na mashahidi, akasema, ni karatasi ya kufungia vitumbua. Wawepo wa ukoo na wasio wa ukoo. Majina yao yaandikwe. Mzozo ukitokea, shahidi ndiye mtu wa kwanza kuitwa mahakamani. Lakini shahidi—

Lori likapiga honi. Nilikimbia. Ningelikosa!

Ila nimeshapata nilichotaka. Shahidi ndiye wa kwanza kuitwa! Ukiitwa wa kwanza, unahudumiwa wa kwanza, kama hospitali, kama dukani. Jina langu likiwa kwenye wosia wenyewe, nani atanitoa? Mujuni hajui hili. Mujuni amekaa tu anaezeka choo.

Jumapili, 19 Agosti.

Niandike taratibu, maana bado sijaelewa vizuri yaliyotokea.

Baada ya misa baraza lilijaa. Ndugu, majirani, Mwamvita, Ta Buberwa aliyekaa mbali nami. Anatolia alikuwa amefika na basi la asubuhi, amevaa gauni lake la sikukuu. Balozi alikuwa na karatasi na kalamu, yeye ndiye mwandishi. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, amejitanda kanga mpya. Akasema mashahidi wasogee mbele, kwenye benchi.

Nilifika kabla hajafunga mdomo. Nilimkanyaga mtu. Nikakaa katikati ya benchi.

Balozi akamwinamia Shangazi, akamnong'oneza. Shangazi akakunja uso.

"Ildefons, unataka kuwa shahidi?"

Nikasema ndiyo, Shangazi.

"Kweli? Fikiri kwanza. Wako wengine."

Mujuni alikuwa nyuma yangu. Akanivuta koti, akaninong'oneza nitoke hapo, nitoke upesi. Wivu! Nikalivuta koti langu. Likachanika kwapani. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba nataka kuwa shahidi wa Shangazi yangu kwa moyo wangu wote.

Shangazi akashusha pumzi. "Haya. Balozi, mwandike."

Jina langu likaandikwa. Na la Ta Buberwa, na la Mwamvita, na la jirani mwingine. Langu la kwanza! Kisha Shangazi akaanza kusema, polepole, balozi akiandika.

"Kibanja changu hiki, na nyumba, ni vya Klaudia na binti zake. Si vya ukoo. Nilivinunua kwa vidole hivi, nikishona usiku na mchana kwenye mji wa watu. Nisisikie musika yeyote anakuja kumshikia mikungu."

Klaudia alikuwa mlangoni. Alijifunika uso kwa kanga, akachutama pale pale, mabega yakawa yanatikisika. Binti zake wakamkimbilia, hawakujua kama ni furaha au msiba. Ta Buberwa akainuka kupinga: mwanamke asiye wa ukoo, jambo hilo limeonekana wapi? Shangazi akamwuliza kama angependa tuzungumzie tena lile jalala. Akakaa.

"Halafu kuna kipande cha mikahawa kile cha barabarani," Shangazi akasema. "Hicho nilikuwa nimemwekea mtu. Alipougua surua akiwa mdogo, mama yake naye alikuwa hoi, nikamchukua mimi. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Kampala. Alikuwa hakubali kushuka mgongoni. Nilishona naye mgongoni, nilipika naye mgongoni. Nikasema huyu, hata akiwa mtu wa ovyo, atapata pa kupanda kitu. Hata wiki hii sikubadili nia. Lakini balozi amenieleza kwamba shahidi hawezi kuwa mrithi wa wosia anaoushuhudia. Na yeye amesema anataka kuwa shahidi. Kwa moyo wake wote."

Watu wote wakanitazama. Nikageuka nyuma nione wanamtazama nani.

Kisha nikaelewa. Nikaruka nikasema najitoa! Nimejisikia vibaya, mkono unauma, siwezi kutia saini! Shangazi akanyanyua fimbo.

"Kaa hapo hapo. Nilikuwa naogopa jambo moja. Nikishakufa ukoo utasema mzee yule alirogwa, hakukuwa na ndugu yake, Klaudia ameandika mwenyewe. Sasa wakimpeleka mahakamani, wewe mtoto wa kaka yangu ndiye utakayesimama wa kwanza useme ulikuwepo na ulisikia. Shahidi bora kuliko wewe ningempata wapi? Hakuna asiyejua ulivyokitaka kibanja hiki."

Akamwuliza Mujuni kama atachukua kile kipande cha mikahawa. Mujuni akasema ana shamba la kumtosha, kiwe cha binti za Klaudia, kiwasomeshe. Baraza likapiga makofi. Nilitamani ile saa ilie.

Nikatia saini. Kalamu ikatoboa karatasi. Mwamvita akasema maskini, ana uchungu wa shangazi yake.

Nilidhani yamekwisha. Shangazi akamwita Anatolia. Akasema cherehani yake ya Kampala hairithishi, anaitoa leo, akiwa hai, aione ikifanya kazi. Anatolia ambaye anashona kwa mkono mwaka wa saba sasa, ambaye kila Krismasi namwahidi cherehani! Akapiga magoti, akaweka uso kwenye mapaja ya Shangazi, akakaa hivyo. Shangazi akawa anampapasa kichwani.

Nikatoka nje nikatazame choo. Ni choo kizuri. Kuta ziko wima.

Jumatatu, 20 Agosti.

Nimemwambia Anatolia tufunge safari, mimi nibebe meza ya cherehani, yeye kichwa chake. Akasema hatukwendi. Shule za huku zinafunguliwa karibuni, kila mtoto anahitaji sare, na Klaudia anajua kukata. Wamekubaliana kushona pamoja hapo barazani. Atamleta na binti yetu. Mimi nije Jumamosi, kama nina nafasi.

Nikauliza nani atanipikia. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama nami naona kwamba amenenepa uso tangu jana. Anacheka akiongea. Sikumbuki alicheka lini hivyo Buhembe.

Shangazi amenipa mkungu wa ndizi wa njiani. Ameniambia mlango uko wazi, na nisingoje mtu aumie.

Jumatano, 22 Agosti. Buhembe.

Nyumba kimya. Nimejilaza tangu asubuhi nafikiri, na sasa ninaona wazi nilipokosea. Nilimkimbilia mwenye wosia, wakati mwenye wosia ndiye anayefaidi! Shangazi alitamka neno moja tu, akaletewa beberu, akachimbiwa choo, ukoo mzima ukamwuliza ameamkaje. Mimi nani ameniuliza nimeamkaje?

Nimetuma ujumbe na dereva wa lori, ufike Kaagya na Muleba yote. Ildefons ameugua ghafla. Atatamka wosia wake Jumapili ya tarehe mbili Septemba. Ndugu wote wafike, wasije mikono mitupu.

Ugonjwa bado sijauchagua. Labda ini.

Mali ya kurithisha: kitanda, meza ya saa, sufuria mbili. Si lazima kutaja idadi. Mashahidi nimeshawapanga: warithi wenyewe, wote, kila mmoja atie saini yake, hakuna atakayegombana. Kwenda kwa Karugendo sina haja. Sheria sasa ninaijua yote.

Ijumaa, 24 Agosti.

Jibu la Mujuni limefika. Amesikitika mno. Hatangoja Septemba. Anakuja kesho asubuhi na machela na wanaume wanne wenye nguvu, wanibebe moja kwa moja hospitali, na ameshazungumza na daktari kuhusu kunipasua.

Wanaume wanne! Hawawezi kuja bila kuku.